Mbawakawa Asiye na Lebo

Kwa miaka thelathini na mmoja niligombana na watu kwa ajili ya kikaratasi kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Maprofesa, wanafunzi, wageni wenye vyeo, hata mkurugenzi mmoja: yeyote aliyeniletea mdudu bila lebo nilimrudisha naye mlangoni. Lebo ina mistari mitatu tu, mahali, tarehe na jina la aliyemkamata. Mtu anayeshindwa na mistari mitatu, nilikuwa nikisema, asinisumbue na kiumbe mwenye miguu sita. Ndiyo maana pale makumbusho, kwenye chumba cha wadudu, waliniita Mama Lebo. Jina langu la kuzaliwa walishalisahau, nami sikuona haja ya kuwakumbusha.

Basi mtanielewa nikisema kwamba Jumatatu ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilikuwa nimebakiza wiki sita nistaafu. Nilifika kazini, nikavaa koti langu jeupe, nikatia mkono mfukoni kutafuta miwani, nikakuta kiboksi cha kiberiti. Kukuta kiboksi mfukoni hakukunishangaza. Kila mwaka nilikuwa nikikuta kimoja, nikajua nimeokota mdudu njiani nikasahau kumwandika, na kila mara nilijihukumu kama nilivyowahukumu wengine. Mdudu nilimtupia kwenye droo ya yatima, wanakochukua wanafunzi wadudu wa kujifunzia kuchoma pini, wala sikumtazama mara mbili, maana ukimtazama utamhurumia. Mganga hajigangi, lakini angalau ajitoze faini.

Safari hii jua la dirishani lilimwangukia kabla sijafika kwenye droo. Juu ya pamba alilala mbawakawa mmoja, mkavu, mzima, urefu wake milimita kumi na moja. Mgongo ulikuwa wa rangi ya shaba iliyosuguliwa na shingoni alikuwa na kola nyeusi. Nilikuwa nimeshashika mbawakawa zaidi ya elfu arobaini kwa kibano changu, na huyu sikumfahamu. Nikapekua pamba, nikakung'uta mfuko. Lebo hakuna.

Nikampelekea Daktari. Huyu ni daktari wa wadudu, ingawa majirani zake bado humgongea mlango wakiwa wamebeba watoto wenye homa. Alikuja kwetu mwanafunzi, na ni mimi niliyemfundisha kumchoma mbawakawa pini kwenye bawa la kulia, siku zote la kulia, ili la kushoto libaki zima kwa uchunguzi. Sasa ndiye mkuu wa chumba chetu. Ni mtu mwema, ila ana tabia ya kunong'ona anapofurahi. Alimweka mdudu chini ya hadubini akafungua kitabu tunachokiita ufunguo. Kitabu hicho ni maswali matupu: je, miguu ya mbele ina meno? Kama inayo, nenda namba saba. Kama haina, nenda namba tisa. Unajibu hivyo swali kwa swali mpaka unafika kwenye jina. Daktari alijibu mpaka namba kumi na tisa, akakwama. Swali lilihusu mifereji membamba iliyo juu ya bawa gumu. Ikiwa kumi, nenda huku. Ikiwa minane, nenda kule. Huyu wetu alikuwa nayo tisa.

Akavua miwani. "Mama," akanong'ona, "huyu hayumo kitabuni. Umemtoa wapi?"

Sikujua. Mimi Mama Lebo, mbele ya kijana niliyempa kibano chake cha kwanza, nilisimama kama mtoto aliyesahau daftari nyumbani.

Daktari hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Alinieleza taratibu yale niliyowaeleza wengine mara elfu: mdudu mpya asiye na mahali wala tarehe hawezi kutangazwa. Tena huyu alikuwa jike, na mbawakawa wa ukoo wake hutofautishwa kwa kiungo cha dume, ambacho kila spishi inacho chake, kama kufuli na funguo zake. Bila mahali na bila dume tulikuwa na pambo tu ndani ya kiberiti. Kisha akasema maneno ambayo sikulala kwa ajili yake: nikivileta vyote viwili kabla ya kustaafu, makala tutaiandika pamoja, na jina langu litatangulia.

Nilikitaka kitu hicho, nasema wazi. Shule yangu iliishia njiani. Nilikuwa nimeandika lebo za wadudu wa watu wengine mpaka kidole kikaota sugu, nikaona majina ya vijana niliowafundisha yakichapishwa mwaka baada ya mwaka, nikawapongeza kwa moyo mweupe, au karibu mweupe. Sasa nilikuwa na wiki sita.

Nilianza na bustani ya makumbusho. Njia yetu ni rahisi: unafungua mwavuli, unaugeuza juu chini chini ya kichaka, unakipiga kichaka fimbo, na waliomo wanaangukia mwavulini. Nilipiga kila kichaka kuanzia langoni hadi kwenye matangi ya maji. Mlinzi akaniuliza vichaka vimekosa nini. Nilipata siafu, buibui, viwavi na kifungo kimoja cha shati. Wiki iliyofuata nilihamia kwenye njia ninayopita kila siku, nikibisha hodi na kuomba ruhusa ya kuzipiga nyua za watu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka kiuno kikanigomea. Zikabaki wiki tatu.

Nyumbani sikusema neno. Si aibu tu iliyonizuia. Nyumbani kwetu kuna mkataba.

Mume wangu ni seremala, na karakana yake iko uani. Miaka ishirini iliyopita nilirudi kutoka safari ya kazi na kopo la mbawakawa nikaliweka kwenye friza, kwa sababu baridi kali huua vijidudu vinavyokula mikusanyo yetu. Kopo lenyewe zamani lilikuwa la viungo. Wifi yangu, fundi cherehani anayeishi nasi, alilichukua akiwa na wageni sebuleni, akafungua kifuniko na kuliinamisha juu ya sufuria. Sitaongeza neno, isipokuwa kwamba mpaka leo wifi huyo huyageuza maharage kwa uma, moja moja, kabla ya kula. Jioni hiyo tulikaa kikao. Ikaamuliwa kwamba wadudu, wao wenyewe au habari zao, wasivuke kizingiti cha nyumba, na koti langu la kazi litundikwe kwenye msumari nje ya mlango. Nami nikadai haki yangu: unga wa mbao, harufu ya vanishi na malalamiko ya wateja vibaki karakana. Mkataba huo tuliuheshimu miaka yote ishirini, na ndoa yetu ilinawiri.

Ila mwavuli ulikuwa wa mume wangu. Mpini wake aliuchonga kwa mkono wake mwenyewe. Jumamosi moja asubuhi kichaka kigumu kikavunja njiti yake moja, nikaona heri nijipeleke kuliko kupelekwa. Nilimkuta akipiga randa ubao wa mlango. Akaupokea mwavuli, akatoa majani, akamtoa kiwavi mmoja na kumweka dirishani kwa adabu, kisha akanitazama.

"Natafuta mdudu," nikasema. "Mkataba naujua. Lakini hapa ni uani, hatujavuka kizingiti."

Aliona hoja ina mashiko. Akarudi kwenye randa, akauliza ni mdudu gani. Nikamweleza kama ninavyoeleza kazini: mwili mrefu, milimita kumi na moja, mabawa ya shaba yenye mifereji, shingo nyeusi. Randa ikasimama katikati ya ubao.

"Mwenye kola?" akasema. "Si yule niliyekuwekea mfukoni?"

Nilikaa juu ya rundo la mbao bila kuangalia nakalia nini. Akanieleza bila haraka, kama anavyofanya kila kitu. Miaka kumi na miwili iliyopita mti wetu wa uani uliangushwa na mvua. Akaukata, gogo kubwa akaliweka nyuma ya karakana, na kila mwaka mbawakawa hao hutoka humo. Kila mwaka humchagua mmoja aliyeumbika vizuri kuliko wenzake, humkausha, humlaza kwenye pamba, humtia mfukoni mwa koti langu. Kuniambia asingeweza, mkataba ulikataza. Koti, kwa upande mwingine, lilikuwa nje ya mlango. Aliamini nikifika kazini ningejua pa kumweka.

"Wale wengine," akauliza, "uliwaweka wapi?"

Mimi niliyeweza kukuonyesha kwa kidole droo ya kila mdudu katika elfu arobaini, sikuwa na pa kuonyesha. Nikamwambia ukweli: niliwatupia kwenye droo ya yatima, wanafunzi wakawatoboa kwa pini mpaka wakavunjika, kwa sababu hawakuwa na lebo na sikujua wametoka kwa nani. Nililia, sitaficha, tena kwa kwikwi. Zawadi kumi na moja za mume wangu niliwapa watu wazichome sindano.

Akajifuta mikono kwenye aproni akakaa kando yangu juu ya mbao.

"Basi wamesomesha watu," akasema. "Si haba. Njoo uwaone ndugu zao."

Gogo lilikuwa limelala juani, na upande mmoja ulijaa matundu madogo ya duara, safi kama yaliyotobolewa kwa keekee. Nikamuuliza kwa nini hakulipaka dawa, maana mbao zake nyingine zote huzipaka hata kabla hazijakauka. Akasema kuna mteja aliyelitamani kwa ajili ya meza akaja mara tatu, na mara zote tatu alimjibu kwamba gogo lina wapangaji. Nikasema sijawahi kusikia seremala anayefuga wadudu wa mbao.

"Sifugi wa mbao," akasema. "Nafuga wa kwako."

Nimeolewa na mtu huyu miaka thelathini na minne, na siku hiyo nilimwona upya.

Kesho yake, Jumapili, jua lilipolipiga gogo, wakaanza kuchungulia: kwanza vipapasio, halafu kola nyeusi, halafu ile shaba. Nilipiga magoti na mrija wangu wa kunyonyea, ambao ukivuta pumzi upande huu, mdudu anaingia kwenye chupa upande wa pili. Kuna kitambaa katikati, lakini wifi, aliyekuwa dirishani, hakuniamini. Aliniambia sasa ndiyo ameelewa maana ya kikulacho ki nguoni mwako, kisha akaomba nisije kumsalimia kwa kumbusu mpaka wiki iishe. Nikakamata tisa. Kila mmoja nilimwandikia lebo palepale, juu ya goti. Mahali, uani kwetu. Tarehe, ya siku ileile. Kwa mstari wa tatu nilimwita mume wangu aje azishike chupa moja moja, ili jina la aliyekamata liwe lake bila uongo mkubwa.

Kati ya tisa, madume walikuwa wawili. Daktari alikitoa kiungo chao kwa pini nyembamba kama unywele, akakichora, na masikio yakamwiva kwa haya, ingawa ni kazi aliyoisomea. Lakini ufunguo ulibaki palepale namba kumi na tisa. Mifereji tisa kwa jike, tisa kwa dume. Daktari akaanza kunong'ona kwamba pengine hatuna spishi mpya tu, pengine ni jenasi nzima mpya, lakini hakuthubutu kuandika. Siku mbili tulimzunguka mdudu yule. Zilikuwa zimebaki kumi na tano.

Ilihitajika pia kipande cha gogo, kionyeshe mbao anayokula, na mume wangu akakileta mwenyewe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia chumba cha wadudu tangu nianze kazi. Alivaa shati lililopigwa pasi na alinukia vanishi. Daktari, kwa heshima, akamkaribisha kwenye hadubini. Mume wangu aliinama akatazama muda mrefu sana, kwa jicho lile analokagulia kabati lililotengenezwa na fundi mwingine. Hatimaye akauliza kifuniko hiki cha mgongoni kinafungaje. Daktari akamwonyesha mabawa mawili magumu yanavyokutana katikati ya mgongo. Mume wangu akasema hapo katikati anapaona, anauliza pembeni.

"Kifuniko kisicho na mfereji pembeni kitacheza," akasema. "Na hiki hakichezi."

Daktari akaeleza kwa upole kwamba mifereji ameihesabu mara kumi. Mimi nilichukua brashi yangu ya nywele tatu, nikaichovya kwenye spiriti, nikapitisha chini kabisa ya ukingo wa bawa, pale linapokunjika kuelekea tumboni. Ukatoka unga wa mbao, mwingi kwa mdudu wa kiasi kile, uliogandamana tangu alipopita kwenye tundu lake. Chini ya unga, ukingoni, ulilala mfereji wa kumi.

Alichonong'ona Daktari hapo hakiandikiki. Akashika ufunguo: mifereji kumi, nenda namba ishirini. Ishirini ikatupeleka ishirini na tatu, na ishirini na tatu ikatufikisha kwenye jenasi inayojulikana, yenye spishi nne. Tukawatoa wote wanne kwenye kabati tukawapanga mezani. Hakuna mwenye kola, na kiungo cha madume yao hakikufanana na cha wetu hata kwa mbali. Wa kwetu alikuwa wa tano. Nilipiga kigelegele ndani ya makumbusho ya taifa, saa nne asubuhi, siku ya kazi, na mlinzi akaja mbio akidhani kuna moto.

Kuandika kulituchukua siku tisa. Anayedhani kumwelezea mdudu ni kazi ya upole hajawahi kukaa na Daktari. Tulipima kila kiungo, tukabishana kuhusu kila neno. Yeye alitaka rangi iwe shaba iliyofifia, mimi nilisema anayefifia ni yeye. Mume wangu, tulipomuuliza uani, alisema ni vanishi ya mkono wa pili, kabla haijakauka. Hatukuweza kuliandika hilo, lakini kila mmoja wetu alijua ni kweli. Tukamchagua dume mmoja abebe jina kwa niaba ya spishi nzima, nikamtundikia lebo nyekundu, kama ilivyo desturi.

Jina lilikuwa haki yangu kulichagua. Kwetu mtu hampi mdudu jina lake mwenyewe, ni kukosa haya. Nikachagua neno la Kilatini lenye maana ya "wa seremala". Makala hutaka sababu ya jina, nami niliandika sentensi moja: kwa heshima ya seremala aliyekataa kuliuza gogo. Daktari akauliza kama hiyo ni lugha ya kisayansi. Nikamwambia ina mahali, ina tarehe, na ina shahidi. Tukaituma Jumatano, jina langu mbele, siku mbili kabla sijaondoka. Ilikubaliwa na kuchapishwa, na nakala yake wifi ameiwekea fremu, japo ameitundika karakana. Mkataba ni mkataba.

Ijumaa waliniaga. Walininunulia saa ya ukutani, kana kwamba mstaafu anahitaji kujua ni saa ngapi, na mkurugenzi akasoma hotuba ambamo aliniita mlezi wa mende wetu. Nilimsamehe, kwa kuwa nilikuwa na furaha. Zikabaki funguo na koti. Nikalivua koti, nikaingiza mkono kwenye mifuko nisije nikalirudisha na miwani ndani.

Kulikuwa na kiboksi cha kiberiti.

Ndani yake alikuwemo mbawakawa wa kawaida kabisa, mweusi, wa aina tuliyonayo droo mbili nzima, tena amepungukiwa mguu mmoja. Chini yake palikuwa na kikaratasi kilichokatwa kwa pembe zilizonyooka kuliko zangu zote za miaka thelathini na mmoja. Kiliandikwa kwa penseli nene ya seremala, herufi zikibanana kuingia: Uani, chini ya koti. Tarehe ya asubuhi ile. Na jina lake.

Nikarudi kwenye meza niliyokwisha kuikabidhi. Nikachukua pini, nikamchoma kwenye bawa la kulia, nikatia lebo chini yake, nikafungua droo. Daktari alikuwa amesimama nyuma yangu. Akauliza, kwa sauti yake ya kawaida, kama kweli tunahitaji mwingine wa aina hiyo, tena mwenye miguu mitano.

Nikamwambia huyu ana lebo.